Stempu Kwenye Kioo cha Dirisha

Wakati wa baridi kule Mbalizi karatasi haikauki mezani. Ukiilaza jioni ikiwa na maji, asubuhi unaikuta imejikunja na imeota vidoa vya ukungu pembezoni. Ndiyo maana nilikuwa nakausha stempu zangu kwenye kioo cha dirisha. Nilikata pembe ya bahasha yenye stempu, nikailoweka katika sahani ya maji ya vuguvugu, nikaiosha gundi kwa kidole, kisha nikailaza kwenye kioo, uso ukigusa kioo na mgongo ukinielekea mimi. Jua la saa nne lilipopiga hapo, stempu zilianguka zenyewe, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Njia hiyo niliibuni mwenyewe na niliiona nzuri. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba dirisha lina pande mbili. Mimi niliyekuwa ndani niliona safu za karatasi nyeupe. Aliyepita barabarani aliona nyuso.

Jumamosi moja kikosi cha mgambo kilipita kikienda mazoezini. Ilikuwa miaka ya kujengwa kwa reli mpya. Madaraja yalilindwa, na redio ilizungumza kila siku juu ya vita vya ukombozi kusini mwetu. Vijana watatu walisimama mbele ya dirisha langu. Mmoja wao alijua kusoma herufi za kigeni.

"Makaburu hawa," alisema. "Jamaa kawapanga makaburu dirishani."

"Labda anazionyesha ndege zao za vita," alisema mwenzake, nao wakacheka. Nilipotoka kuwasalimia, hakuna aliyeitikia. Mmoja alikwisha kuondoka kwenda ofisi ya kata.

Kabla ya saa sita katibu kata alikuwa sebuleni kwangu. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwenyeji wa Tukuyu, mtu wa kazi, asiyekula rushwa wala kupenda utani.

"Ndugu, hizi ni nini?"

"Stempu za barua. Nazikusanya."

"Unamkusanyia nani?"

"Najikusanyia mwenyewe."

"Mtu hajikusanyii takataka za adui," alisema. Akazibandua zile za kwenye kioo kwa ukucha, mbili zikachanika, akazitia katikati ya albamu yangu na kuibana kwapani. Kikao kingekuwa Jumatano, na wajumbe wangenisikiliza. Lenzi yangu ndogo ya kukuzia maandishi ilibaki mfukoni mwa shati. Hakujua kama ilikuwepo.

Albamu niliipenda, lakini sikukosa usingizi kwa ajili yake. Katika ukurasa wa Kusini kulikuwa na stempu moja ambayo, mtu akiitazama kwa lenzi, ingeweza kumharibia maisha jirani yangu.

Nieleze stempu hizo zilitoka wapi. Kabla ya Uhuru, na kwa muda mfupi baadaye, wanaume wengi wa upande wetu walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Serikali yetu ilipokuja kuzuia uandikishaji, wengi walirudi, wengine hawakurudi. Barua zao zilibaki ndani ya masanduku ya mabati, kuanzia Mbalizi hadi Tukuyu. Mimi nilikuwa mtunza ghala la mbao, na jioni nilipita nyumba ninazozifahamu nikiomba stempu tu. Barua yenyewe sikuisoma nisipoombwa. Badala ya stempu nilimsomea mwenye nyumba muhuri wa posta. Wanawake wengi waliambiwa mume yuko Kusini, basi, na Kusini kwao palikuwa mahali pamoja. Chini ya lenzi muhuri ulitaja mji na siku. Nilifungua atlasi na kuonyesha. Kuna mjane mmoja aliyeniomba nimshike kidole nikiweke juu ya mji huo, akakiacha hapo hadi chai yangu ikapoa.

Jirani ninayemsema alikuwa mama wa makamo, aliyenunua mchele Chimala na kuuza sokoni Mbalizi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Uandikishaji ulipozuiwa kwetu, kijana huyo alivuka mpaka akaenda kwa mjomba wake Karonga, akajiandikisha migodini kama mtu wa huko, kwa jina la ukoo wa mjomba. Alikuwa bado kule. Barua zake alizituma Karonga, na binamu yake alizivusha mkononi hadi Kyela, kisha hadi kwa mama. Hakutaja kamwe mji alioko, kwa woga. Lakini bahasha ya mwisho ilikuwa na stempu, na stempu ilikuwa na muhuri uliogongwa vizuri: Welkom, na chini yake siku, mwezi na mwaka. Ulikuwa mwaka ule ule tuliokuwa nao.

"Chukua picha, niachie karatasi," mama aliniambia siku ile, akinipa ile pembe ya bahasha. Nilimwonyesha Welkom kwenye atlasi. Alitaka kujua kama ni karibu na bahari. Nilimwambia hapana.

Sasa stempu hiyo ilikuwa ofisini kwa katibu. Ikisomwa, ingejulikana kwamba katika nyumba zetu kuna barua zinazotoka kwa makaburu mwaka huu. Binamu angekamatwa mpakani, barua zingekoma, na kijana asingethubutu kurudi nyumbani. Nilikwenda kumwambia mama mwenyewe, maana ilikuwa haki yake kujua. Alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe utasema?"

"Sitasema."

"Wakikubana?"

"Nitasema zimetoka kwenye masanduku ya waliorudi. Na nyingi ni kweli."

"Nyingi," alisema. Akaendelea kutoa mawe.

Jumatatu ghala lilinituma Mafinga kupokea mbao za misonobari. Kwa kuwa lori lilikuwa na zamu ya kusubiri kiwandani, nilipata gari jingine nikafika Iringa. Huko kulikuwa na mwenye duka la vitambaa, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa mji huo. Nilipokuwa mwanafunzi Iringa ndiye aliyenipa stempu yangu ya kwanza na kunifundisha kutozishika kwa vidole. Baba yake alifika pale akifuata boma la Wajerumani, akiuza shanga na vitambaa vya marekani, na bahasha za baba huyo ndizo zilizonipa stempu zangu za kale kuliko zote: zile zenye meli, za thamani ya heller, senti za Wajerumani, zilizogongwa muhuri wa Iringa.

Nilimsimulia. Alinisikiliza huku akikunja kitenge.

"Ulizibandika dirishani? Zikitazama nje?"

"Ndiyo."

"Nina duka hili umri wangu wote, Bwana Stoo, na sijawahi kupanga dirisha likavuta watu namna hiyo."

Sikucheka. Nilimwomba aniandikie barua ya maneno machache, kwamba kukusanya stempu ni jambo la kawaida, kwamba watu wa dini zote na nchi zote wanafanya, kwamba alinifundisha yeye.

Aliacha kukunja. Jengo lile lilikuwa limetaifishwa miaka michache nyuma, na alikuwa mpangaji katika vyumba alivyozaliwa. Ndugu zake wawili walikwisha kuhama nchi.

"Sasa una kosa moja," alisema kwa sauti ya chini. "Nikikuandikia mimi, utakuwa nayo mawili. Na mimi nitakuwa na langu."

Nilielewa. Aliniagizia chai, akakaa karibu nami kwenye benchi la wateja.

"Sikiliza. Usianze kujitetea. Mtu akijitetea wanamtazama yeye. Wafanye watazame stempu. Anza na za Mjerumani, zenye Iringa, zenye Langenburg. Nenda polepole. Waonyeshe kwao. Ukifika Kusini watakuwa wamechoka, au wamependa."

"Na wasipochoka?"

"Basi omba Mungu taa iwe mbovu."

Nilirudi na lori usiku wote juu ya mbao, na Jumatano saa nane nilikuwa ofisi ya kata.

Walikuwa wajumbe saba kwenye mabenchi mawili. Mmoja wao alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyopinda na visivyokunjuka. Kila mtu alijua vilivunjikia mgodini. Alikuwa mwaminifu kwa chama, na aliwahi kumpeleka shemeji yake mwenyewe ofisini kwa kuficha sukari. Nyumba yangu na ya yule mama zote zilikuwa chini yake. Yeye ndiye niliyemwogopa.

Katibu aliweka albamu mezani. "Ndugu huyu atueleze."

Niliomba niifungue mwenyewe, nikafungua mwanzo. Niliwaonyesha meli, nikasema hii ni meli ya mfalme wa Wajerumani, na hapa kwenye duara pameandikwa Iringa. Wakasogea. Nikafungua ukurasa wa pili na kumgeuzia katibu.

"Hapa pameandikwa Neu-Langenburg. Ndiyo Tukuyu."

Katibu alisoma herufi moja moja. "Tukuyu ndiyo iliitwa hivi?"

"Na Wajerumani."

"Babu yangu alibeba mizigo ya posta toka hapo," alisema mjumbe mmoja. "Walikuwa wakienda Iringa kwa miguu, wawili wawili, na mmoja ana kengele ya kufukuzia simba."

"Kengele au tarumbeta?" aliuliza mwingine.

"Kengele. Tarumbeta ni ya mjomba wako aliyekuwa akilewa."

Walicheka, hata katibu alitabasamu kidogo. Kisha akaweka kidole juu ya muhuri na tabasamu likatoweka. "Mtu anakuja, anachukua jina la kwenu, anakuwekea la kwao, halafu analigonga kwenye karatasi kana kwamba ni kweli." Hakuwa akisema na mimi. Alikaa akiitazama stempu ile muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nikaanza kuamini ushauri wa Iringa.

Lakini hakuchoka. Alifungua mwenyewe hadi mwisho, kwenye ukurasa wa Kusini.

"Na hizi?"

"Ni za barua za watu wetu waliokwenda migodini zamani. Zilikuwa kwenye masanduku."

"Masanduku ya nani?"

"Nyumba nyingi."

"Zitaje."

"Ndugu Katibu, nikizitaja nitaanzia kwenye benchi hili."

Mjumbe wa kengele aliguna. Mwingine akatazama dari. Katibu hakupenda jibu hilo.

"Stempu haiji yenyewe. Imetoka kwenye barua, na barua imetoka kwa mtu. Nitajuaje zote ni za zamani?"

"Muhuri unaonyesha mwaka," alisema balozi.

Hilo ndilo neno nililokuwa nikiliogopa tangu Jumamosi, na lilitoka kwa mtu niliyemwogopa.

Katibu aliinua albamu, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akakaza macho. Herufi za muhuri zilikuwa ndogo na wino umefifia. "Hazisomeki."

"Ana lenzi," alisema balozi. "Nimewahi kumwona nayo. Lete, bwana."

Niliitoa mfukoni. Kama ningesema sina, wangenipekua na kuipata, na hapo wangejua ninaficha kitu. Niliipitisha juu ya meza. Balozi aliichukua kwa mkono wa kulia, akaishikilia albamu kwa ule mkono wenye vidole vibovu.

"Wewe unapafahamu kule, Mzee," katibu alimwambia. "Tusomee."

Alianza juu. "Johannesburg. Ya zamani, kabla ya Uhuru." Akashuka. "Germiston. Zamani." Alisoma kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani, bila haraka na bila kupendezwa. Stempu ya mama ilikuwa mstari wa tatu, ya pili kutoka kushoto. Nilijilazimisha kutazama kalenda ukutani.

Aliifikia.

Aliisogeza lenzi juu, akairudisha chini. Nilisikia pumzi yake.

"Welkom," alisema.

"Ya mwaka gani?" aliuliza katibu.

"Hapa ndipo nilipovunjika hivi." Aliinua mkono wa kushoto kidogo. "Hapana mlima hata mmoja. Unatazama kila upande, hakuna kitu cha kukuzuia jicho. Siku za kwanza kichwa kiliniuma kwa ajili hiyo."

"Mwaka, Mzee."

"Wakati wetu," alisema balozi. "Zamani." Akashuka mstari wa nne na kuendelea kusoma kwa sauti ile ile hadi mwisho, akaiweka lenzi mezani mbele yangu. Hakunitazama.

Katibu alifikiri, kisha akatoa uamuzi. Mimi sikuonekana kuwa na nia mbaya, ila sikuwa na akili ya siasa. Za Mjerumani zingebaki, maana ni historia. Ukurasa wa makaburu ungechomwa mbele ya ofisi. Na kwa kuwa barua hutoka kwa watu, kila balozi angepita katika nyumba zake kuuliza nani ana ndugu aliyeko Kusini, na majibu yaandikwe.

Mgambo mmoja aliuchana ukurasa na kuuchoma juu ya jiwe. Stempu huungua vibaya. Wino unatoa moshi mweusi na karatasi inajikunja ndani kwanza. Nilikusanya zile kwa miaka tisa. Niliutazama mstari wa tatu mpaka ulipokwisha, nikaona nafuu, na chini ya nafuu hiyo nikaona kitu kingine ambacho sikukipenda: balozi alikuwa amesimama upande wa pili wa moto, naye akiutazama mstari wa tatu.

Alijua mwaka. Hakujua nyumba. Na sasa alikuwa ametumwa kupita nyumba kwa nyumba.

Alinijia ghalani kesho yake. Nilidhani atauliza. Badala yake alisema, "Macho yangu hayanisaidii kuandika. Utanifuata uniandikie majibu. Wewe ndiye uliyetuletea kazi hii."

Tulianza na nyumba yake mwenyewe, akajiuliza na kujijibu, nami nikaandika hakuna. Tukapita kwangu, tukapita kwa fundi baiskeli. Watu walijibu haraka, wengine kabla swali halijaisha. Kila tulipotoka nyumba moja niliona ya mama imekaribia, na sikuwa nimepata nafasi ya kumtahadharisha, maana jana yake alilala Chimala alikokwenda kununua mchele.

Tulimkuta jikoni, ungo wa mchele mapajani, moto ukiwaka kwa sababu ya baridi. Walisalimiana Kinyakyusa, kirefu, kama inavyotakiwa, juu ya usingizi, watu wa nyumbani na shamba. Kisha balozi akabadilisha sauti na lugha.

"Mama, nimetumwa. Kila nyumba inaulizwa. Una mume, mtoto au ndugu aliyeko Kusini kwa makaburu?"

Mama aliutazama mchele.

"Sina."

"Una mtoto wa kiume. Tulimwona akikua hapa."

"Nilikuwa naye. Aliondoka kutafuta maisha."

"Wapi?"

"Hakuniaga vizuri. Sijui aliko."

Alilisema neno hilo bila kutikisika. Mimi niliyemwonyesha mji ule kwenye atlasi sikuweza kuinua uso. Moto ulilia kidogo. Balozi alikuwa akimtazama, na nilijua amekwisha kuelewa. Mtu ambaye jibu halimgharimu kitu hujibu haraka kama wale wengine, na huyu alijibu polepole, kama anayelipa.

"Andika hana," aliniambia.

Niliandika.

Nilisimama. Balozi hakusimama. Alinyoosha mikono yake kwenye moto, ule mzima na ule mbovu. Kisha mama, akiwa bado ameinamia ungo, akauliza:

"Balozi, si ulikaa huko wewe?"

"Nilikaa. Zamani."

"Baridi ya huko ikoje?"

Balozi aligeuka akanitazama, akatazama karatasi mkononi mwangu. "Kunja hiyo, utie mfukoni," alisema. "Ukae."

Nikakaa.

"Haifanani na hii," alimwambia mama. "Hii yetu ina ukungu, inakulowesha. Ile ni kavu. Asubuhi maji ya bomba yameganda. Lakini chini, ndani ya shimo, ni joto, mtu anafanya kazi kifua wazi. Shida inakuja akipanda juu na jasho lake."

"Kwa hiyo akitoka anataka kitu cha kujifunika."

"Ana blanketi. Anajifunga hapa, begani, anatembea nalo mpaka bwenini. Bwenini kuna jiko la makaa."

"Wanalala wengi?"

"Wengi. Lakini wa kwetu wanatafutana, wanalala upande mmoja. Hakosi wa kuzungumza naye."

Mama alichukua jiwe dogo kwenye mchele akalitupa motoni. "Na chakula?"

"Uji mgumu wa mahindi. Nyama ipo. Mkate upo."

"Wali?"

"Wali sikuuona."

Mama aliuweka ungo chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie kuiona mikono yake imetulia. "Na Jumapili? Kama hakuna kazi, anafanya nini kutwa nzima?"

Balozi alisogeza kigoda karibu na moto.

"Jumapili," alisema, "kwanza anafua nguo zake."